Ukaazi wa Kudumu Ujerumani: Mwongozo Kamili kwa Waliokuja kwa Uuguzi na Ausbildung

Barua za kukataliwa zinafanana. Mtu amefanya kazi wodini miaka mitatu au minne, Kijerumani anakijua, kodi analipa, mkataba wake hauna mwisho. Anapeleka ombi la Niederlassungserlaubnis, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anajibiwa kwamba muda wake haujatimia. Hasira zake nazielewa. Lakini nikimwomba anipigie picha kadi yake, mara nyingi kosa naliona kabla hata sijaisoma barua: alihesabu tangu siku aliyoshuka uwanja wa ndege, na sheria ilikuwa ikihesabu kitu kingine.

Nawaandikia hasa wauguzi waliotoka Kenya, Tanzania na kwingineko kuja kukamilisha utambuzi wa vyeti vyao, pamoja na vijana waliokuja kwa Ausbildung, yale mafunzo ya kazi ambayo unasoma huku unalipwa. Aliyefunga ndoa na Mjerumani, au aliyepewa hifadhi ya ukimbizi, ana vifungu vyake (cha 28 na cha 26). Sehemu za makaratasi zitamfaa, ila hesabu ya miaka asiichukue hapa.

## Kusanya hivi kwanza

Tafuta folda moja, uweke kila kitu humo kabla hujagusa fomu yoyote.

- Pasipoti iliyo hai
- Kadi ya kibali cha sasa na ile karatasi ya kijani inayoambatana nayo (Zusatzblatt), pamoja na nakala za kadi na viza zako za zamani
- Versicherungsverlauf, taarifa ya michango yako ya pensheni
- Mkataba wa kazi, na barua mpya ya mwajiri inayosema bado upo kazini, mkataba hauna mwisho, na hujapewa wala kutoa notisi
- Slipu za mshahara za miezi sita ya mwisho (ofisi nyingine huridhika na mitatu)
- Urkunde ya uuguzi (hati rasmi inayokuruhusu kufanya kazi kama muuguzi kamili), au cheti cha kumaliza Ausbildung
- Cheti cha Kijerumani, B1 au zaidi
- Matokeo ya mtihani wa Leben in Deutschland (Maisha ya Ujerumani), kama hukusomea Ujerumani
- Mkataba wa pango na uthibitisho wa anwani (Meldebescheinigung)
- Uthibitisho wa bima ya afya
- Picha ya kidijitali
- Euro 113 za ada

Vyeti vilivyoandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza vipelekwe na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Tafsiri ya rafiki, hata awe hodari namna gani, haipokelewi.

## Hatua ya 1: Soma kadi yako, si tiketi yako ya ndege

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Chukua kadi, tafuta sehemu iliyoandikwa Anmerkungen. Utaona alama ya § ikifuatwa na namba. Hiyo namba ndiyo inayosema ulikuwa nani mbele ya sheria katika kipindi hicho. Zinazotuhusu ni hizi:

§ 16a ni Ausbildung. § 16d ni utambuzi wa cheti cha nje, ile miezi ambayo muuguzi anafanya kazi kama msaidizi huku akisubiri mtihani au kumaliza kozi ya kujazia mapengo. § 19c ndicho kifungu walichoingilia wengi wa au pair (vijana wanaoishi na familia na kusaidia kulea watoto) na wa mwaka wa kujitolea, FSJ. § 18a ni fundi au mtaalamu mwenye mafunzo ya kazi yaliyotambuliwa, na § 18b ni mwenye shahada. § 18g ni ya Blaue Karte, kadi ya buluu, kibali cha wataalamu wenye mshahara wa kiwango cha juu.

Njia fupi ya ukaazi wa kudumu kwa wataalamu iko katika kifungu cha 18c. Inataka uwe umeshika kibali cha 18a au 18b (au cha kadi ya buluu) kwa miaka mitatu, na uwe na miezi 36 ya michango ya pensheni. Kama ulimaliza Ausbildung au chuo kikuu hapa hapa Ujerumani, inashuka hadi miaka miwili na miezi 24. Mwenye kadi ya buluu anaweza kuomba baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha msingi cha A1, au miezi 21 akiwa na B1.

Angalia vizuri: miezi ya 16d haimo. Miaka ya Ausbildung haimo. Au pair na FSJ hazimo. Saa inaanza kugonga siku ulipopata kibali cha 18a.

Tuchukue muuguzi aliyeingia Mei 2022 kwa 16d, akapata Urkunde, kisha kadi ya 18a Juni 2023. Akihesabu tangu uwanja wa ndege ataomba Mei 2025 na atakataliwa. Muda wake halali ni Juni 2026. Ila kama uliingia nchini kwa viza ya muda mrefu iliyotolewa moja kwa moja kwa ajili ya 18a, muda wa viza hiyo nao unahesabiwa. Ndiyo maana nimesema utunze nakala za viza.

Iko pia njia ndefu, kifungu cha 9: miaka mitano ya vibali na miezi 60 ya pensheni. Hapa vibali vya aina nyingine navyo vinahesabiwa, lakini muda wa Ausbildung au wa masomo unahesabiwa nusu. Miaka mitatu ya Ausbildung inakupa mwaka mmoja na nusu. Kwa aliyepitia au pair, kisha FSJ, kisha Ausbildung, njia hii ndefu wakati mwingine hufika mapema kuliko ile fupi. Fanya hesabu zote mbili kwenye karatasi, uchukue tarehe iliyo karibu.

Onyo kwa walio bado kwenye 16d: siku ukipata Urkunde, omba kubadilishiwa kibali kwenda 18a wiki hiyo hiyo. Najua watu waliotulia miezi minane kwa sababu kadi ya zamani ilikuwa bado hai na mshahara mpya ulikuwa umeshaanza kuingia. Hiyo miezi minane wameipoteza.

*Umefaulu hatua hii ukiwa na:* karatasi yenye tarehe mbili, ya njia fupi na ya njia ndefu, na nakala ya kadi inayothibitisha kila kipindi.

## Hatua ya 2: Hesabu miezi ya pensheni

Usitegemee kumbukumbu wala slipu. Ofisi inataka taarifa kutoka Deutsche Rentenversicherung, mfuko wa pensheni wa taifa. Unaiomba mtandaoni bila malipo, ukiandika namba yako ya bima ya jamii iliyo kwenye slipu ya mshahara, na inakuja kwa posta nyumbani. Iombe mapema, na uhakikishe jina lako lipo kwenye sanduku la barua. Barua nyingi za nyumba za pamoja hurudi kwa sababu hiyo tu.

Ikifika, hesabu miezi iliyoandikwa Pflichtbeitragszeit, michango ya lazima. Mwezi uliochangia hata siku chache huhesabiwa mzima. Michango ya wakati wa Ausbildung imo, na ya FSJ imo pia, kwa sababu waajiri walikulipia. Kwa hiyo usichanganye: miaka ya Ausbildung haikusaidii katika muda wa kibali kwenye njia fupi, lakini inakusaidia sana hapa. Au pair haina mchango wowote.

Mapengo yanatokea sehemu tatu.

La kwanza ni mwaka unaoendelea. Mwajiri hupeleka taarifa ya mwaka mzima mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kwa hiyo ukiomba taarifa mwezi wa tisa unaweza kuona michango inaishia Desemba iliyopita. Hujaibiwa. Ambatisha slipu za mwaka huu zinazoonyesha makato ya RV (bima ya pensheni), au mwombe mwajiri uthibitisho wa bima ya jamii.

La pili ni Minijob. Wengi walipoanza kazi ndogo walipewa fomu ya kujiondoa kwenye pensheni wakasaini ili euro chache zibaki mfukoni. Miezi hiyo haihesabiwi. Ukiwa unaanza Minijob leo, usisaini.

La tatu linawahusu akina mama, na linaniuma kwa sababu wengi hawaambiwi. Ukilea mtoto hapa, mfuko unaweza kukuhesabia miezi ya malezi, hadi 36 kwa kila mtoto, kama michango ya lazima. Haiji yenyewe. Lazima uombe kwa fomu ya Kindererziehungszeiten. Dada aliyekaa nyumbani na mtoto mwaka mmoja na nusu akiamini muda huo umepotea, aende aombe kwanza ndipo ahesabu upya.

Kukiwa na kosa katika taarifa, kwa mfano mwajiri wa zamani hayumo, omba marekebisho (Kontenklärung) kabla hujaenda Ofisi ya Wageni. Mkataba na slipu za kipindi hicho ndizo ushahidi wako.

*Umefaulu:* taarifa isiyozidi miezi michache tangu itolewe, yenye miezi 24, 36 au 60 kulingana na njia yako.

## Hatua ya 3: Kijerumani na mtihani wa maisha ya Ujerumani

Muuguzi aliyepata Urkunde kwa kawaida alishapita B2, kwa hiyo B1 haimsumbui. Peleka cheti halisi cha Goethe, telc au ÖSD. Aliyemaliza Ausbildung Ujerumani kwa kawaida hutumia cheti chake cha kumaliza, kwa lugha na kwa elimu ya jamii pia. Ulizia ofisini kwako kwa maandishi ili usifanye mtihani bure.

Aliyesomea nje ndiye anayehitaji Leben in Deutschland. Maswali 33, dakika 60, na majibu sahihi 15 yanatosha. Ukifikisha 17, matokeo hayo hayo yatakufaa siku ukiomba uraia, basi lenga 17. Ada ni euro 25. Maswali yote 310 yanayokuhusu (300 ya nchi nzima na 10 ya jimbo lako) yako wazi kwenye tovuti ya BAMF, idara ya uhamiaji, na unaweza kujipima humo bure. Usinunue kitabu.

Panga nafasi mapema kwenye Volkshochschule, shule ya elimu ya watu wazima, maana foleni ya mtihani na ya matokeo inaweza kula miezi. Hili ndilo linalochelewesha watu waliokamilisha kila kitu kingine.

## Hatua ya 4: Kazi, kipato na nyumba

Kazi uliyo nayo siku ya kuomba lazima iwe ya kitaalamu. Muuguzi mwenye Urkunde aliyehamia ghalani kupakia mizigo kwa sababu zamu zinalipa vizuri, atakwama hapa hata kama miaka yake imetimia. Pia subiri kipindi cha majaribio kiishe. Ukibadilisha mwajiri mwezi mmoja kabla ya ombi, ofisi nyingi zitakuambia urudi baada ya miezi sita.

Kipato kitoshe wewe na wote unaowalea bila pesa za Jobcenter, yaani msaada wa serikali kwa wasio na kipato. Kindergeld (posho ya mtoto) na Elterngeld (posho ya mzazi anayelea mtoto mchanga) hazikuharibii. Anayetuma pesa nyumbani kila mwezi asiwe na hofu: ofisi inaangalia mshahara na kodi ya nyumba, haiangalii ulimtumia mama kiasi gani.

Nyumba: kipimo kinachotumika ni takribani mita za mraba 12 kwa kila mtu wa miaka sita na zaidi, 10 kwa mdogo wake. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hahesabiwi. Chumba cha hosteli ya hospitali kinakubalika kwa mtu mmoja. Familia ya watu wanne humo haitakubalika.

Na jambo moja lisilo kwenye folda: faini. Kupanda treni bila tiketi mara kwa mara kunaweza kugeuzwa kesi ya jinai, na ofisi huuliza vyombo vya usalama kabla ya kuamua. Kama una barua ya mashtaka uliyoificha droo ya chini, itafute na uishughulikie kwanza.

## Hatua ya 5: Pasipoti na picha

Pasipoti iliyobakisha miezi mitatu itakupa shida. Balozi za Kenya na Tanzania ziko Berlin, na kwa anayeishi München hiyo ni safari, likizo na gharama. Anza kuhuisha pasipoti hata mwaka mmoja kabla.

Tangu Mei 2025 picha za karatasi hazipokelewi tena. Nenda kwa mpiga picha aliyesajiliwa, atakupa msimbo ambao afisa anausoma na kuivuta picha, au piga ofisini kwenyewe kama wana mashine.

## Hatua ya 6: Peleka ombi

Ombi linapelekwa kwa Ausländerbehörde, Ofisi ya Wageni ya mji unaoishi. Berlin inaitwa Landesamt für Einwanderung. München iko chini ya Kreisverwaltungsreferat. Miji mingi sasa ina fomu ya mtandaoni. Mingine bado inataka barua pepe au posta.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Tengeneza faili moja la PDF kwa kila hati, ulipe jina la Kijerumani linaloeleweka: Pass, Versicherungsverlauf, Arbeitsvertrag. Afisa asiyelazimika kutafuta anaamua haraka.

2. Andika barua fupi ya kufungulia. Taja kifungu unachotumia (mfano § 18c Abs. 1), tarehe kibali chako cha 18a kilipoanza, na idadi ya miezi ya pensheni. Usimwachie afisa akufanyie hesabu.

3. Ongeza sentensi hii: *Hilfsweise beantrage ich die Verlängerung meiner Aufenthaltserlaubnis.* Maana yake, kama ukaazi wa kudumu hautawezekana, unaomba kibali cha sasa kiongezwe muda. Ni mstari mmoja tu, na umewaokoa wengi.

4. Peleka kabla kibali cha sasa hakijaisha, hata kama ni siku moja, na utunze ushahidi wa siku uliyopeleka. Ukiwahi, kibali cha zamani kinaendelea kuhesabika kuwa hai hadi uamuzi utoke, na unaweza kuendelea na kazi. Omba karatasi ya kuthibitisha hilo, Fiktionsbescheinigung. Hakikisha alama imewekwa kwenye kisanduku cha § 81 Absatz 4, kwa sababu hicho ndicho kinachokuruhusu kusafiri na kurudi.

Onyo: wapo watu wanaouza miadi, ile Termin, kwenye makundi ya simu. Usinunue. Miadi haina bei. Ushauri wa bure wa kweli unapatikana kwenye ofisi za Migrationsberatung (ushauri kwa wahamiaji) za mashirika ya hisani kama Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu, na watakusaidia hata kujaza fomu.

## Hatua ya 7: Miadi na kusubiri

Nenda na hati halisi zote, hata ulizokwisha kutuma. Watachukua alama za vidole na saini. Kadi huchapishwa Berlin, na kwa kawaida wiki kadhaa hupita kabla hujaitwa kuichukua.

Wakinyamaza zaidi ya miezi mitatu bila sababu ya msingi, sheria inakuruhusu kwenda mahakama ya utawala kwa kile kinachoitwa Untätigkeitsklage. Kabla ya hapo, andika barua ya heshima yenye tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Mara nyingi barua hiyo peke yake hufungua mlango.

Ukipokea barua yenye neno Anhörung, bado hujakataliwa. Wanakueleza kwa nini wanafikiria kukataa na wanakupa nafasi ya kujibu. Jibu ndani ya muda ulioandikwa, ukiambatisha kinachokosekana. Watu wengi hutupa nafasi hii kwa kuidhania ndiyo hukumu. Na kama hukumu yenyewe imeshafika, soma ukurasa wa mwisho, Rechtsbehelfsbelehrung: umeandikwa pa kupinga na muda wake, kwa kawaida mwezi mmoja. Mpelekee mshauri barua hiyo siku hiyo hiyo.

*Umefaulu:* kadi mpya yenye neno NIEDERLASSUNGSERLAUBNIS. Kadi ina tarehe ya mwisho kwa sababu inafuata pasipoti. Haki yenyewe haina mwisho. Sasa unaweza kubadilisha kazi, kufungua biashara, au kuhama mji bila kuomba ruhusa.

## Usiipoteze baada ya kuipata

Ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita mfululizo, haki hii inaweza kufa yenyewe, bila barua wala onyo. Ukiitwa nyumbani kuuguza mzazi na unaona safari itakuwa ndefu, omba Ofisi ya Wageni ikuongezee muda kabla hujaondoka, na upate jibu kwa maandishi. Anayetarajia kukaa nje mara kwa mara aulizie pia Daueraufenthalt-EU, kibali cha kudumu cha Umoja wa Ulaya, ambacho kinavumilia miezi 12 nje ya Umoja huo.

Kwa Watanzania hili lina uzito wa pekee. Ujerumani imeruhusu uraia pacha tangu Juni 2024, na Kenya iliuruhusu kwa katiba ya 2010, lakini Tanzania hairuhusu. Mkenya anaweza kuichukua Niederlassungserlaubnis kama kituo cha njiani. Mtanzania asiyetaka kuiacha pasipoti yake huenda akaishi nayo maisha yake yote, na kwa hiyo miezi sita ni namba ya kuiandika ndani ya jalada la pasipoti.

Na kama mnatarajia mtoto: mtoto anayezaliwa Ujerumani huwa Mjerumani tangu kuzaliwa iwapo siku hiyo mzazi mmoja ana ukaazi wa kudumu na ameishi nchini kihalali miaka mitano. Ikiwa folda yako iko tayari na ujauzito una miezi michache, mwandikie afisa tarehe ya kujifungua kwenye barua ya kufungulia na uambatishe nakala ya Mutterpass, kitabu cha kliniki.